Siku Niliyomlilia Mwilambwe

Aibu hii mke wangu ameniomba mara nyingi nisiisimulie mbele ya wageni, hasa wageni wa upande wake, lakini leo mmekwisha kula, mvua imewafungia humu ndani, na nikinyamaza shemeji yangu ataisimulia yeye, naye huongeza chumvi mpaka mtu unatamani ungezaliwa katika ukoo mwingine, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Nimewahi kulia msiba, jamani. Nililia kwa sauti, nikagaragara, nikaliza na kijiji kizima. Tatizo ni kwamba sikuuliza kwanza aliyekufa ni nani.

Mnakumbuka ule mwaka wa majina (ninyi vijana hamkumbuki, ninyi mlizaliwa mkakuta mambo yametulia). Serikali ilisema majina ya kanisani basi, ya Kizungu basi, kila raia wa Zaïre arudi kwenye jina la mababu zake. Kolwezi nzima ilikuwa kama watu wamehama bila kutoka nyumbani: mtu aliamka asubuhi anaitwa Jean, jioni anaitwa Ilunga, na mkewe akimwita kwa lile la zamani anajifanya hasikii. Kwa wengi ilikuwa rahisi, waliondoa la mbele wakabaki na la nyuma. Lakini sisi? Mimi nilikuwa Samweli Yoshua. Baba yangu alikuwa Petro Yoshua. Yoshua alikuwa babu yangu, na zaidi ya hapo hatukuwa na kitu. Sasa toa Samweli, toa Yoshua, unabaki na nini? Kijana mzima, karani wa stoo, abacost mpya, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi, mchumba yupo, na jina hana hata moja! Ofisini walisema atakayekosa jina atatafutiwa, na jirani yetu mmoja pale mtaani kwetu Dilala alitafutiwa kweli: karani alitazama dirishani, akaona mvua inanyesha, akamwandika Mvula, na Mvula akabaki nalo mpaka anastaafu.

Baba alikuwa amestaafu wakati ule, anakaa barazani kwenye nyumba yetu ya kampuni kule Dilala, kifua kimejaa vumbi la mgodi, hata kwenda sokoni alipumzika njiani. Nikamwambia, tata, tuchukue jina lolote zuri, majina si yapo mengi, jirani yule ana matatu, tumwombe moja.

"Kuomba jina ni sawa kuomba meno," baba akasema. "Utatafuna na meno ya mutu mwingine? Jina ya baba yangu iko kule kwetu. Enda, uilete."

"Lakini tata, we mwenyewe hauijue?"

"Sijue. Nilizaliwa mu misioni. Kule jina ya zamani ya mutu habakuwaka banaitaja, muzungu alikatazaka. Tulijua Yoshua tu. Nilitoka kule mudogo, na mujomba, kuja ku kazi ya bulungu, mu mugodi." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Baba akakufa, habari ikachelewa kufika. Sikulia kilio yake, Samweli. Sijue hata kwenye analala. Njo kintu inaniumizaka."

Sikuwahi kumsikia baba akisema kitu kinamuumiza, hata siku lile gari la mawe lilipomkanyaga mguu. Kisha akanifundisha namna ya kutafuta. Akasema yule mmisionari alikuwa Mwingereza, na alikuwa akiwasimulia habari za kijiji cha kwao, jinsi watu wote wanavyolala kulizunguka kanisa, kila mmoja na jina lake juu ya jiwe, na mjukuu akitaka kujua alikotoka anakwenda siku ya Mungu, anafungua kilango, anasoma mawe, basi, anawajua babu zake wote bila kumsumbua mtu. Na kanisa la misioni alilijenga mfano wa lile la kwao, na makaburi pembeni vilevile. "Baba alimutumikiaka miaka mingi sana," baba akasema. "Lazima alimuwekea jiwe. Fika, soma mawe."

Nilipanda lori la wanunuzi wa samaki siku ya Jumamosi. Tulipita Nzilo, lile bwawa lenye maji yaliyolala kimya nyuma ya ukuta wa saruji, kisha barabara ikaanza kushuka na kupotea kwenye miti, na mimi juu ya magunia matupu yenye harufu ya samaki wa wiki zote zilizopita nikachukuliwa na usingizi. Nikaota mzee mwenye kofia anatembea kando ya lori. Hakuwa na haraka, wala hakubaki nyuma. Nikamwuliza jina, akacheka, akaniambia nilale. Nilipofumbua macho palikuwa panapambazuka, lori limesimama, na dereva ananiambia mgeni, kwenu ni hapa, shuka, sisi tunakwenda mtoni.

Ukungu wa Lualaba ulikuwa umepanda mpaka kijijini. Niliona kwanza mnara mfupi wa mawe unaelea peke yake, hauna kitu chini, halafu paa lenye mteremko mkali (mzungu wa watu aliogopa theluji, Katanga!), halafu ukuta mdogo wa mawe na kilango cha mbao chenye kipaa chake kidogo juu. Nyumba za watu zilikuwa bado zimefunikwa. Jogoo aliwika mahali fulani ndani ya ule weupe, mwingine akamjibu kutoka mbali. Nilisimama na kibegi changu, umande ukiniingia kwenye viatu, nikaona kama nimeshushwa katika nchi ya mtu mwingine, na papo hapo nikaona kama pale nilikwisha kufika zamani.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni kosa lilipo. Kwa desturi ya kule mgeni hafiki tu akaingia. Unakaa mwanzo wa kijiji juu ya mzigo wako, unasubiri, mpaka mtu atoke, akupe maji, akuulize umetoka wapi na wewe ni wa nani. Nilijua hivyo, baba aliniambia. Lakini nilijiona nimekaa pale juu ya begi na ile abacost, watu wamenizunguka, ananiuliza mzee: wa nani weye? Nijibu wa Petro. Petro yule asiyekuja kumzika baba yake? Na jina la babu yako ni lipi, mtoto wa Petro? Silijui. Hapana, nikasema, ngoja nipite kanisani kwanza, nisome mawe kama Waingereza, nikiulizwa niwe na jina tayari mdomoni. Nikafungua kilango, nikaingia.

Misalaba mingi ilikuwa ya mbao, mchwa wamekwisha kula majina, mingine imelala kabisa. Jiwe lilikuwa moja tu, karibu na mlango wa kanisa, limezungukwa na maua yaliyopandwa kwa mstari. Nikalipangusa umande. Liliandikwa hivi, kwa Kiswahili cha vitabu: MWILAMBWE. ALIBEBA MIZIGO YA INJILI MIAKA MINGI. HAKUCHOKA, HAKUNUNG'UNIKA.

Jamani. Baba si alisema babu alimtumikia mzungu miaka mingi? Si alisema lazima aliwekewa jiwe? Na jina lenyewe, Mwilambwe, jina la wazee, limejaa mdomo, ukilitamka unajisikia una ng'ombe! Nililisema polepole mara ya kwanza. Nikalisema tena. Nikamwona baba barazani na kifua chake, nikamwona huyu mzee amebeba mizigo ya watu mpaka akafa na mwanawe hakuja. "Nkambo!" nikapiga kelele, maana ndivyo tunavyowaita babu na bibi. "Nkambo Mwilambwe! Tumekuja! Tumechelewa lakini tumekuja!" Na nikalia, ndugu zangu, nililia kilio cha baba na changu pamoja, nikajitupa juu ya yale maua na abacost yangu.

Na huko kwetu kilio hakiulizwi. Ukisikia mtu analia makaburini, unatupa ulichobeba, unaweka mikono kichwani, unalia naye, kuuliza ni baadaye, akishapewa maji. Kuuliza kabla ni kama kumwambia machozi yake si ya kweli. Wanawake waliokuwa wanakwenda mashambani walinisikia ndani ya ukungu. Vikapu vikaanguka. Wakaja wanalia, waume zao wakafuata, bibi vizee wakafuata wanashikiliwa mikono, sauti zikawa nyingi mpaka sikujua ipi ni yangu. Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, alipiga magoti pembeni yangu akalia kuliko wote, machozi ya kweli yanamchuruzika, na mimi nikawaza, angalia alivyopendwa mzee huyu.

Walinipa maji. Nikanywa. Mzee mmoja akakohoa, akaanza kwa adabu kabisa, "Sasa, mugeni, kilio hii, tunalia nani?"

"Mwilambwe," nikasema. "Nimekuja juu ya Mwilambwe."

Wakatazamana. Mimi nilidhani ni heshima. Nyuma kuna mtu alitoa sauti kidogo puani, akapigwa kiwiko. Yule mzee akafungua mdomo aseme kitu, na huenda angeniokoa, lakini wakati huohuo mchungaji akatokea.

Mchungaji alikuwa kijana kama mimi, ametumwa pale hivi karibuni kutoka mbali, hajui hata nani ni mjomba wa nani, na alikuwa na moyo mwema sana (watu wa moyo mwema wameniponza kuliko wabaya). Aliposikia nimetoka Kolwezi kutafuta babu zangu, machozi yakamlenga. Akanishika mkono, akasema huu ndio ushuhuda aliokuwa akiuombea, vijana wa mjini kurudi kwao, na kwa kuwa ni siku ya Mungu lazima nisimame mbele ya kanisa niseme. Akanivuta ndani kabla sijafunga kifungo. Kengele ikapigwa. Watu wote wakaingia, wengi kuliko kawaida nadhani, na wazee wakakaa mbele kabisa.

Kanisa lile ndani lilikuwa na baridi na mwanga wa buluu kutoka kwenye vioo vidogo, ukungu umeingia na watu, na niliposimama mbele sikuwaona vizuri, niliona vichwa tu na vitambaa, kama mtu anayesimama majini. Nilijisikia mwepesi. Nilijisikia babu amesimama nyuma yangu ameniwekea mkono begani. Ndiyo maana nilisema sana. Ningekuwa na akili zangu ningesema asante nikakaa.

"Bandugu, bazee bangu," nikasema, "munione muzuri. Miye niko damu ya Mwilambwe."

Nikaendelea.

"Alibebaka mizigo mingi. Habakumushukuru inavyofaa. Baba ananiambiaka alikuwa wa kunyamaza, hakuwaka na maneno mingi."

"Ni kweli," mtu akasema, na benchi nzima ya nyuma ikainama chini.

Nikaona wameguswa, nikaongeza. Nikasema tangu leo mimi siyo Samweli tena, naitwa Mwilambwe, na watoto wangu wataitwa Mwilambwe. Nikasema kama kuna ndugu zake wengine humu ndani, wasimame, niwajue, tushikane mikono. Watu wakatazamana. Hakusimama mtu! Basi kwa huruma nikawauliza wazee wa mbele: "Nyinyi bale mulimujua na macho, muniambie. Kwangu munaona nini yake?"

Yule mzee aliyekuwa ameanza kuniuliza kule nje alinitazama kichwani, upande huu, upande ule, kwa makini kabisa.

"Masikio, pengine," akasema.

Jamani, sijawahi kusikia kicheko kama kile katika nyumba ya Mungu. Hakikuanza polepole, kilipasuka kutoka pande zote, mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi akabaki chini, wanakwaya walifunika nyuso na vitabu vya nyimbo, na kutoka nyuma, kwenye watoto, sauti ndogo ikalia "hii-ooo, hii-ooo," zikafuata nyingine. Shemasi alikuwa ananong'ona kwenye sikio la mchungaji. Nilimwona mchungaji akitoa kitambaa mfukoni na kukiuma.

"Mutoto wangu," akasema yule mzee, sasa anajipangusa macho, "Mwilambwe ilikuwa punda."

"Punda ya nani?" nikauliza. (Maswali yote ya dunia hii, mimi nikachagua lile.)

"Ya muzungu. Alifikaka nayo kutoka upande ya Angola. Ikakufa na uzee, muzungu akalia sana, akaizika ku mulango ya kanisa. Bazee bakakatala. Akasema kwabo hata imbwa ya nyumba inawekewaka jiwe."

"Na asubui mulilia na miye juu ya nini?"

Mzee akakuna kidevu. "Tulizania ni sheria ya mupya. Mu radio banasemaka kila siku kintu ya mupya."

Nilitoka mbio. Sikumbuki nilivyopita katikati ya mabenchi, ila nakumbuka kile kilango, kwa sababu kipaa chake kilijengwa kwa ajili ya watu wafupi au watu wanyenyekevu, na mimi asubuhi ile sikuwa hata mmoja wao. Kilinigonga kwenye paji la uso nikaona ukungu mwingine tofauti. Alama yake ndiyo hii hapa, msidhani ni ya ajali ya kazini kama ninavyowaambia watu.

Nikaenda kukaa nyuma ya ukuta, kwenye mteremko unaoelekea mtoni, kitambaa kwenye paji. Nikiri, nilikuwa nimeshaanza kutunga uongo. Ningemwambia baba mawe yote yalikwisha kuliwa na mvua, tuandikwe Mvula kama jirani, basi. Halafu nikamwona baba akiipokea habari hiyo, bila kulaumu, anatikisa kichwa tu, na nikaona afadhali kile kicheko kirudiwe mara nyingine kuliko kuuona uso ule. Lakini ningefanyaje? Nani angenijibu sasa pale kijijini, mjukuu wa punda?

Nikasikia fimbo kwenye mawe. Alikuwa yule bibi mwembamba wa kitambaa cheusi. Alikaa pembeni yangu, akanyoosha miguu, tukautazama ukungu ukijikunja juu ya mto.

"Weye ni wa Petro," akasema. "Nilikujua ku kilio. Petro alipokuwa mutoto, alikuwaka analia vile, mudomo wazi. Miye niko Ngoie. Yoshua alikuwa yaya wangu."

Yaya, yaani kaka mkubwa! Basi huyu ni dada yake babu! Mdogo wake babu yangu, tumbo moja, na alikuwa amepiga magoti pembeni yangu tangu alfajiri, na mimi nikasoma mawe.

"Nkambo," nikasema, nikitaka ardhi inimeze, "ulijua ni punda. Juu ya nini ulilia mingi vile?"

"Sikulia punda. Nililia yaya."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini, akijikatiza mara kwa mara kana kwamba anasikiliza mtu anayemsahihisha. Alisema kaka yake alizaliwa akapewa jina la babu yao, na kwa watu wetu ukipewa jina la mtu umepewa na kiti chake, yule mtu hajakufa, amekaa ndani yako, na jina lisipoitwa tena, ndipo anapokufa kweli. Siku ya ubatizo mzungu aliwaambia wote watupe majina yao ya giza, yasisikike tena ndani ya misioni. Kaka yake akatoka majini anaitwa Yoshua. Hakugoma. Alimpenda Yesu, alimpenda na mzungu. Lakini alikuwa halali usiku, anasema mzee wao amefungiwa nje.

"Njo punda ikaletwa," akasema Nkambo Ngoie. "Ilikuwa na jina ya kule ilitokea, hatukuweza kuiita. Muzungu akamuambia yaya, weye njo utaichunga, uitafutie jina. Yaya akamuambia, itaitwa Mwilambwe."

Nikageuka kumtazama.

"Ilikuwa jina yake?"

"Yake. Na ya nkambo yetu mbele yake."

"Na muzungu hakujua?"

"Alibatizaka bantu mingi siku ile moja. Jina moja moja hakuishika." Akaanza kucheka, kicheko kidogo kisicho na meno, mabega yanatikisika. "Muzungu aliikataza mu mudomo ya batu bote, halafu yeye mwenyewe kila asubui: Mwilambwe, kuya! Mwilambwe, simama! Mwilambwe, weye muzuri! Mupaka akaiandika ku jiwe, mbele ya kanisa yake. Bazee bote balijua. Balinyamaza. Leo bamecheka juu ya masikio yako, lakini hakuna mwenye alikuambia hauko wa Mwilambwe. Uliona?"

Kweli. Nikakumbuka zile nyuso. Hakuna aliyesema hivyo.

Akasimama kwa fimbo, akanipeleka kidogo chini ya mteremko, ndani ya shamba la mihogo lililokuwa limelowa umande, akahesabu matuta kwa mdomo bila sauti, akasimama. Hapakuwa na jiwe wala msalaba. Palikuwa na mihogo. "Alikatala jiwe," akasema. "Alisema jiwe yake iko tayari pale juu. Analala apa. Mihogo yake iko tamu sana." Halafu bibi yule, mwenye umri wa kunizaa mara mbili, akapinda magoti, akapiga makofi taratibu, ile salamu ya mdogo kwa mkubwa wake, akaniita, "Yaya." Nikapiga makofi na mimi. Nikalia tena, safari hii kimya, mahali pake.

Nilirudi Dilala na lori lilelile, samaki sasa wamejaa, mimi juu yao, na njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kumpa baba jina bila kumpa punda. Baba alikuwa barazani. Nikamwambia, tata, anaitwa Mwilambwe. Akalirudia kwa midomo tu. Akaniuliza, "Ulisoma ku jiwe?" Nikasema ndiyo. "Jiwe ya nani?" Na mimi uongo wote ukaniishia, nikamwambia kila kitu, kilio, ushuhuda, masikio, kilango, Nkambo Ngoie, mihogo. Nilisema nikitazama sakafu. Nilipomaliza yeye alikuwa hajacheka.

"Balilia?" akauliza.

"Bote, tata. Kijiji muzima."

"Na Ngoie alilia?"

"Kupita bote."

"Basi kilio ya baba ilifanyika," akasema. Kijua cha jioni kilikuwa kimefika miguuni pake, na wenye baiskeli walikuwa wanarudi kutoka kazini, wanampungia mkono naye hawaoni. "Nilikuwa mutoto," akasema. "Kila mangaribi baba alikuwaka anasimama ku kilango ya misioni, anaita na sauti ya nguvu, Mwilambwe ee, rudi ku nyumba. Mara mingi punda ilikuwa apa pembeni yake, imefungwa ku kamba. Nikamuambia, baba, punda iko apa. Ananiambia, najua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Samweli, alikuwa anajiita mwenyewe."

Kesho yake alitembea mwenyewe mpaka ofisini, akipumzika kila kona, akakataa nimshike mkono, na karani alipouliza jina akalitamka kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke. Miaka iliyofuata sikuwahi kumsikia akilalamika kifua.

Nami niliapa, na ninaapa tena mbele yenu, sitalia kwenye kaburi lolote kabla sijakaa juu ya mzigo wangu nikaulizwa mimi ni wa nani, na hizo habari za kusoma mawe niliwaachia Waingereza, wao wanajua mbwa wao wamelala wapi. Lakini kijijini ninakwenda kila kiangazi. Watoto wa kule wameambiwa na wazazi wao, na siku hizi watoto wao wameambiwa pia. Wananiona kwa mbali nashuka, wanapanda juu ya ule ukuta, wanaita, "Mwilambwe ee! Mwilambwe!" halafu wanacheka mpaka wanashikana. Wacheke. Wakiliita, ninaitika.